Tekken imegeuka duka: wahusika tuliowafungua kwa jasho leo tunauziwa mmoja mmoja

Wakuu, nimevumilia sana, leo naandika nikiwa na hasira. Anayetaka lugha laini apite nyuzi za jirani.

Tekken, ile gemu ya kupigana ya Namco, imeharibika. Sisemi ni mbovu kwa macho. Picha za Tekken 8 ni balaa, misuli ya mpiganaji Kazuya unaihesabu mmoja mmoja. Nasema kile kilichotufanya tukeshe kwenye mabanda ya gemu kimeondolewa kimya kimya, na mahali pake pamebandikwa bei. Zamani ukicheza sana unapewa. Siku hizi ukicheza sana unadaiwa.

Kwa vijana mliozaliwa juzi, ngoja niwape historia kidogo maana wengi mnabishana hapa bila kuijua. Tekken ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa 1994 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu za Namco, 1995 ikaingia PlayStation. Virtua Fighter ya wapinzani wao ilikuwa na kitufe cha ngumi, cha teke na cha kukinga. Namco wakaja na lao: kila kitufe ni kiungo. Mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ndiyo maana mtu asiyejua neno hata moja la Kijapani wala Kiingereza alishika pedi na dakika mbili tu akawa anapigana. Halafu wakati gemu inapakia walikuwekea Galaga uchezee, ile ya kupiga vidude angani. Yaani hata kusubiri walikulipa!

Sasa njooni Tekken 3. PlayStation iliipata 1998, sisi ikatufikia kwa CD za kuchoma, kasha hamna, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ukiwasha unakuta wahusika kumi: Jin, Xiaoyu, Hwoarang, Eddy, Paul, Law, King, Yoshimitsu, Nina na Lei. Wengine wote wamo ndani ya CD hiyohiyo, wamefungwa. Ufunguo ni kucheza. Maliza gemu na mtu mmoja, anatoka dubu Kuma. Maliza na mwingine, anatoka Julia. Endelea hivyo hivyo mpaka utoe Gun Jack, Mokujin yule wa mbao anayebadili mtindo kila raundi, Anna, Bryan, Heihachi mwenyewe na Ogre. Ukiwa na roho ngumu unakwenda Tekken Force, ule mchezo wa pembeni wa kupambana na makundi ya askari, kumsaka Doctor B aliyefichwa humo, na pale unaimaliza safari baada ya safari ndiyo akukubalie. Ukimaliza na mtu unapewa na filamu yake ya mwisho. Ile ya Jin kupigwa risasi na babu yake mzazi ilikatisha soda mdomoni mwa watu.

Na kila kitu kinakaa kwenye memori kadi, ile kadi ndogo ya kuhifadhia ulipofikia. Mwenye banda letu alikuwa akiondoka kwenda kula anaichomoa anaitia mfukoni, gemu inarudi watu kumi, mpaka arudi. Kadi yenye wahusika wote ilikuwa mali. Kuna jamaa alikuwa na daftari la shule, kurasa za nyuma kaandika mikabo yote ya King, yule mwanamieleka, kwa mishale na vialama vya vitufe, ile mikabo ya mfululizo ambayo ukikosea kidole kimoja umeachia mtu. Alikuwa hauzi wala haazimishi. Tulimheshimu kuliko mwalimu wa hesabu. Na huyo huyo akikutana na dogo anayemchezea Eddy, yule wa mateke, akiponda duara na eksi kama anatwanga kisamvu, anachapwa! Banda zima chini kwa kicheko. Lakini akijua namna ya kukinga chini na kusogea pembeni, dogo wa Eddy hatoboi tena maisha yake yote. Hapo ndipo utamu ulipo. Ulikuwa na njia ya kutoka kwenye aibu, na njia hiyo ilikuwa mazoezi.

Tekken 4 naipita haraka, walijaribu viwanja vya mabonde na kuta, wengi hawakuipenda, mimi sikuichukia sana. Tekken 5 ya 2005 kwenye PS2 ndiyo niliyodhani imefunga mjadala. Wale watu walichukua Tekken 1, 2 na 3 za mashine za sarafu wakazitia zote ndani ya diski hiyohiyo. Bure! Wakaongeza nguo za kuwabadilishia wahusika, unazinunua kwa pesa unazoshinda kwa kupigana. Hakuna aliyekuomba namba ya kadi ya benki.

Tekken 6 wengi wetu hatukuiona kwenye PS3 hata, tumeimaliza kwenye simu kwa PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, kioo kimepasuka pembeni, vitufe vya kugusa vinafunika miguu ya mtu. Na bado tulifurahi.

Uozo umeanzia wapi? Mimi nasema Tekken 7. Ilikuja majumbani Juni 2017, na kwa uchezaji ilikuwa nzuri, hilo sibishi. Lakini hapo ndipo walipoonja damu. Lei Wulong, mmoja wa wale kumi wa 1998, akawa wa kununua. Wakaleta wageni: Geese Howard, sawa, ni mpiganaji. Noctis wa Final Fantasy XV, haya. Halafu Negan wa tamthilia ya The Walking Dead na gongo lake lenye waya. Mashindano ya Ngumi ya Chuma, ndiyo shindano lenyewe la hadithi ya Tekken, mtu anaingia na gongo, refa yuko wapi? Kilichoniudhi kuliko vyote ni pale walipouza hesabu za gemu yenyewe: pigo hili linachukua muda gani, ukikinga unapata nafasi au hupati. Hiyo ni elimu ya msingi ya mchezo, nao wakaifanya bidhaa. Kwenye 8 wameirudisha ndani bila malipo, nawapa haki yao. Marudio ya pambano unayoweza kuyasimamisha ukashika pedi mwenyewe nayo ni kitu cha maana.

Sifa zinaishia hapo.

Tekken 8 ilitoka 26 Januari 2024 kwa dola 70 kasoro senti. Kwa hela yetu ya Bongo hiyo ni zaidi ya laki na nusu, kabla hujanunua PS5 yenyewe. Wahusika 32, watu wakasifu, alama za wakaguzi zikajaa. Hata miezi miwili haijaisha, duka likafunguliwa ndani ya gemu. Sarafu za Tekken, unazinunua kwa hela halisi ndiyo ununue nguo, zikiwemo nguo za zamani za wahusika walewale. Angalieni ujanja: wakaguzi wameshaandika, wameshasifu, wameshaondoka, ndipo meza ya biashara inapangwa. Baada ya hapo ikaja pasi ya kulipia, ile unayopanda nayo ngazi kwa kucheza ili upewe zawadi. Oktoba 2024 wakatoa uwanja wa Genmaji Temple, na waliokuwa wameshalipia matoleo ya bei ya juu wakakuta uwanja haumo, unauzwa kivyake. Kelele zilipozidi wakaomba radhi na kugawa sarafu. Sarafu za duka lao wenyewe, jamani!

Sasa tazameni nani wanauzwa. Eddy Gordo, ambaye 1998 alikuwa wazi tangu unachomeka CD, kauzwa 2024. Anna Williams, tuliyemfungua kwa kumaliza gemu, kauzwa 2025. Armor King, kauzwa. Na Heihachi ndiyo funga kazi. Tekken 7 yote ilijengwa juu ya kifo chake, Kazuya kamtupa baba yake kwenye volkano, tukaambiwa safari hii kafa kweli. Wengine tukasikitika kabisa, mzee tumepigana naye tangu 1994. Mwaka 2024 katoka kwenye kaburi akiwa na bei shingoni. Wamemuua kwa hela na wamemfufua kwa hela.

Mngeishia kwenye nguo na wahusika labda ningenyamaza. Tatizo wameingia mpaka kwenye mapigano yenyewe. Kuna huu mfumo wa Heat. Kila raundi kila mtu anapewa, wala hujaufanyia kazi. Ukiuwasha, unapata kama sekunde kumi za kumkandamiza mwenzio, na hata akikinga damu yake, yaani ule mstari wa uhai, inapungua. Ile damu ya kijivu inayoweza kurudi, hairudi mpaka naye ashambulie. Maana yake nini? Maana yake ukikaa ukakinga vizuri unaadhibiwa kwa kukinga vizuri. Mwisho wa yote unabaki unabahatisha juu au chini, juu au chini. Yule jamaa wa daftari leo angechapwa na dogo wa Eddy kila siku, na asingekuwa na cha kwenda kujifunza.

Kumbukeni Arslan Ash. Mpakistani, 2019 kaenda EVO Japan, tawi la Japani la EVO, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, hakuna anayemjua, kafagia wote. Mwaka huohuo kaenda Las Vegas kachukua na EVO yenyewe mbele ya Wakorea waliotawala mchezo huu miaka nenda rudi. Alitoka wapi? Lahore, vibanda kama vyetu, watu wanachapana usiku kucha bila kamera wala wadhamini. Mchezo wakati ule ulilipa miguu: kusogea, kurudi nyuma kwa ile mirudi ya haraka ya Kikorea, kumfanya mtu apige hewa halafu unamwadhibu. Najua mjuaji mmoja ataandika "mbona Arslan kashinda EVO 2024 kwenye Tekken 8?" Mkuu, yule hata ukimpa pedi yenye kitufe kimoja atashinda. Mimi nazungumzia wewe na mimi.

Na msidhani ni uzee wangu unaongea. Aprili 2025 walipotoa msimu wa pili, yaani awamu ya pili ya mabadiliko na wahusika wapya wa kulipia, walikuwa wameahidi kuimarisha ulinzi. Likaja toleo lenye mashambulizi ya kubahatisha zaidi ya mwanzo, wahusika wakapewa mapigo yaliyofuta udhaifu wao wa asili. Wachezaji wa kulipwa wakapiga kelele hadharani, kule Steam, duka la gemu za kompyuta, maoni mabaya yakamiminika mpaka wakakimbilia kutoa marekebisho ya dharura. Mtu anayeishi kwa mchezo huu anapolalamika sawa na mimi wa banda, hapo kuna tatizo. Mwisho wa mwaka huohuo Katsuhiro Harada, sura ya Tekken kwa miaka yote hii, naye akaaga Bandai Namco. Sisemi kaondoka kwa sababu hiyo, msininukuu vibaya.

Nawaona mnaojiandaa kunijibu. Wa kwanza: "Street Fighter walituuzia gemu moja mara tano tangu zamani." Kweli, na tuliwacheka kwa hilo, Tekken ndiyo ilikuwa jibu letu kwao. Wa pili: "kutengeneza gemu siku hizi ni gharama." Sawa, ndiyo maana kuna hiyo laki na nusu. Panga bei moja nikujue. Wa tatu ndiye ninayemsubiri kwa hamu: "nyie mlicheza CD za kuchoma, mnalalamikia nini?" Ndugu yangu, nani Bongo ya 1999 alikuwa anauza CD halisi? Mtaa gani? Leo watu wana ajira, wana kadi, wananunua halali kabisa kwenye mtandao, na hao ndio wanaokamuliwa. Halafu ukishalipa, ingia mtandaoni utafute mtu. Mashine mbili zinaunganishwa moja kwa moja, kwa hiyo umbali ndio kila kitu. Usiku wa manane unaangukia jamaa wa Ghuba kama una bahati, au mtu wa Ulaya, pambano linarukaruka, ukimzidi anachomoa waya.

Kilichonifanya niandike leo badala ya kesho ni mhusika mpya, Miary Zo. Miaka yote hii tunapigana na Wajapani, Wamarekani, dubu na mti. Mwaka 2025 wakatangaza binti wa Madagaska, anapigana moraingy, ngumi za asili za Wasakalava ambazo hata Wakomoro wanazijua kwa jina lao. Mtu wa bahari yetu hii hii! Nikafurahi nikamtumia kila mtu kwenye kundi. Halafu nikakumbuka: yeye naye ni wa msimu wa pili, wa kulipia. Vijana wa Antananarivo kumcheza Mmalagasi mwenzao watoe kadi kwanza. Wa Moroni vilevile, wa Tanga vilevile.

Aliyemnunua aje hapa aseme, moraingy wameitendea haki au ni mateke ya kuungaunga? Na kama kuna banda lolote Dar au Mombasa bado wana PS2 yenye Tekken 5 na pedi mbili nzima, weka eneo na bei ya raundi.