Kibali cha kazi Israel kwa Mpalestina: ni riziki au ni kamba ya shingoni?

Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni jamaa kashikilia kwamba Wapalestina waliokuwa wanafanya kazi Israel walilipwa mara mbili ya kwao na zaidi, sasa manyanyaso yako wapi? Nimeshindwa kulala nalo.

Chukua Bethlehem, mji wa Wapalestina ulioko Ukingo wa Magharibi, eneo linalokaliwa na jeshi la Israel. Hadi Yerusalemu ni kama kilomita 10 tu ila katikati kuna ukuta na kizuizi cha jeshi kinaitwa Checkpoint 300. Kabla ya Oktoba 2023, yaani kabla ya shambulio la Hamas na vita vya Gaza, fundi ujenzi wa pale anaamka saa nane usiku apange foleni awahi kazi inayoanza saa moja asubuhi. Kinjia chembamba cha nondo, mfano wa ng'ombe wanaoingizwa joshoni, watu wamebanana mpaka vijana wanapanda juu ya nondo wanatambaa juu ya vichwa vya wenzao. Pembeni jamaa anauza kahawa na mikate ya ufuta (biashara haikosi pa kukaa), alfajiri ikiwakuta wanatandaza maboksi wanaswali hapohapo. Halafu geti la kuzunguka, taa nyekundu ikiwaka mnaganda, huambiwi kwanini. Ukipita, vua mkanda, toa kadi, weka kidole.

Na hicho kibali wengi walikinunua kwa dalali, zaidi ya shekeli (pesa ya Israel) 2,000 kila mwezi! Hesabu ya jamaa yangu hiyo haimo.

— Mkuu tuwe wakweli. Miaka ile ya intifada ya pili (uasi wa Wapalestina ulioanza 2000) watu walijilipua kwenye mabasi na mahoteli. Ukuta ulianza kujengwa 2002 na milipuko ikapungua. Nchi gani ingeacha mlango wazi?

— Sawa, usalama. Sasa mbona ukuta wenyewe sehemu kubwa umepita ndani ya Ukingo wa Magharibi, sio kwenye mpaka? Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni 2004 kwamba kuujenga humo ni kinyume cha sheria. Tena kila siku maelfu walikuwa wanapenya kwenye matundu ya uzio bila kibali, wanajeshi wanaona, mabosi wanawasubiri upande wa pili na magari. Gaidi angekosa hilo tundu?

— Mimi nimefanya kazi Ghuba miaka minne, kibali kikiwa kwa bosi hata mshahara ukicheleweshwa unameza mate tu. Hilo halihitaji ukuta. Ila mjue baada ya Oktoba 2023 vibali vya watu zaidi ya laki moja vilisimamishwa, wakaletwa wafanyakazi kutoka India, na baba wa watu sasa anaegesha ngazi ukutani pale ar-Ram, mji wa Wapalestina jirani na Yerusalemu, anateremka na kamba upande wa pili, wengine wamevunjika miguu, wengine wamepigwa risasi.

— Kwahiyo unasema bora foleni ya saa nane irudi?

— Muulize mwenye ngazi. Mimi nadhani atakwambia ndiyo, na hapo ndipo panaponiuma.