Letusi ya maji inaniozea bwawani, nisaidieni

BintiKisauni
Asalaam aleikum. Nina kibwawa cha saruji uani, urefu mita 3, maji yanafika magotini. Pampu inapandisha maji juu ya mawe, kisha yanaporomoka. Jirani alinipa miche 12 ya letusi ya maji, ule mmea unaoelea, imenona, majani laini kama mahameli. Wiki ya tatu leo, imebaki 5. Yote inasukumwa kona moja, mingine inapinduka mizizi juu, na moyo wa mche ukiushika unateleza. Pampu siwezi kuzima, nina samaki. Nifanyeje?

FundiBomba
Aleikum salaam dada. Letusi ya maji hupenda maji yaliyotulia. Ikirushiwa maji kutwa, moyo unaoza. Pampu iache. Kata mpira wa maji mita 2, unganisha ncha mbili kwa kiungio zikaze, hewa ibaki ndani, upate pete inayoelea. Ifunge kwa kamba kwenye jiwe, mbali na maporomoko, miche ikae humo. Na mdomo wa pampu uvishe wavu, mizizi huziba upesi sana.

MamaLikoni
Kabla ya pete, mwanangu, maji ni ya wapi? Kama ni ya kisima, yaonje. Huku kwetu chini ni matumbawe, visima vingi vina chumvi, na mmea huo chumvi hauiwezi. Tazama kingo za majani.

BintiKisauni
Ni ya kisima, mama. Nimeonja sasa hivi, yana chumvi kwa mbali. Na kingo zimekuwa hudhurungi! Mimi nilidhani ni jua.

MamaLikoni
Basi kinga maji ya mvua kwenye pipa, uwe unabadilisha kidogo kidogo. Samaki wasishtuke.

BabuWaTudor
Nami naongeza la mbu. Wako wanaoitwa Mansonia: kiluwiluwi chao hakipandi juu kupumua, kinatoboa mzizi wa letusi na kuvuta hewa humo. Kwa hiyo maji kutembea hakutoshi kuwazuia. Inua kila mche, suuza mizizi kwenye ndoo, maji hayo yamwage mchangani. Miche ikizidi, ianike ikauke, usitupe mtoni. Na gugumaji usilete kabisa, hata likiwa na maua mazuri namna gani. Kisumu lilifunga njia za mashua.

BintiKisauni
Ahsanteni sana, babu shikamoo. Pete nimeshaifunga. Mche mmoja nimeutia kwenye ndoo ya maji ya mvua, mwingine ndoo ya kisima, zote kivulini. Ijumaa nitaleta picha.