Barua za babu kutoka Pemba: mama anataka moja ichomwe. Naomba ushauri

Mjukuu wa Pangani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Bibi yetu alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tukisafisha chumba chake Pangani, nikakuta chini ya kitanda mkebe wa biskuti umejaa barua, 41 kwa jumla. Babu alikuwa akivuka kwenda Pemba msimu wa karafuu, na huko ndiko alikomwandikia bibi. Ni Kiswahili kitupu, ila kwa herufi za Kiarabu. Nyumbani hakuna anayezisoma, kwa hiyo nilimwomba mwalimu wa madrasa anisomee chache.

Ya kwanza tu ilinitoa machozi: "Wa baada, nakuarifu hali yangu njema." Sauti ya babu, ambaye sikuwahi kumwona.

Tatizo ni barua ya tano. Mwalimu alisoma, "Mwana Esha wa Wete nimemwachia cha kula." Mama akanyamaza, halafu akasema hiyo ichomwe, babu alikuwa na mtoto wa siri. Mjomba naye anataka zote zipelekwe Nyaraka, panapotunzwa hati za zamani. Mimi niko katikati. Nifanyeje? Na tarehe imeandikwa "mfunguo sita 1358", sijui ni lini.

Kalamu ya Mwanzi

Pole kwa msiba, mjukuu. Usichome kitu.

Mfunguo mosi ni Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Hesabu kutoka hapo: mfunguo sita ni Rabii al-awwal, mwezi wa Maulidi. Kwa mwaka 1358 inaangukia Aprili na Mei 1939.

Barua za zamani zina mtego. Waandishi wengi walitumia herufi moja ya Kiarabu, be, kuandika p, b na mb, na mara nyingi waliacha irabu. Neno moja laweza kusomeka baba, papa, pamba au bamba. Na "mwana" huko pwani si mtoto peke yake, ni heshima ya mwanamke pia. Mwana Esha anaweza kuwa bibi mwenye nyumba aliyempangisha babu yako chumba! Tafuta msomaji wa pili, mzee aliyekulia kwenye maandishi hayo, kabla mama hajalia bure.

Binti Chumbageni

Mimi nazungumzia karatasi, maana tulipoteza za kwetu. Fundi alitupigia laminesheni, baada ya miaka michache wino ukawa umefifia na karatasi haitoki tena. Usipige laminesheni, usibandike selotepu. Pini toa taratibu, kutu inakula karatasi. Usihifadhi kwenye nailoni, unyevu wa pwani utaziozesha. Bahasha za karatasi, sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa. Piga picha karibu na dirisha bila flashi, pande zote mbili, na bahasha yake pia, maana muhuri wa posta ndio unaokwambia ilitoka wapi. Stempu usimpe mtu.

Mzee wa Forodhani

Pale Kilimani, Unguja, Nyaraka za Zanzibar zina hati na vitabu vya Kiarabu vilivyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Mahali pa kutunza papo. Lakini mjomba asipeleke peke yake. Kaeni kikao, muandikiane, na kabla ya kukabidhi ulizeni kama barua nyeti zinaweza kufungwa kwa miaka mtakayokubaliana. Mama ana haki ya kusikilizwa, ni baba yake.

Na kama kweli Esha ni mtoto, huko Wete kuna watu wanaoulizana baba yao alikwenda wapi. Barua hiyo ndiyo jibu lao.

Mjukuu wa Pangani

Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote. La Wete limemgusa, amekaa kimya muda mrefu. Amekubali barua isomwe tena, na Jumapili tunampelekea mzee mmoja Tanga. Amesema atakwenda mwenyewe, na mkebe ataubeba yeye.

Bahasha mbili stempu zilishang'olewa, sijui na nani. Zilizobaki nimeanza kuzipiga picha leo.