Mrejesho: Uamuzi wangu kuhusu saratani ya Tunu

Ndugu zangu, niliwauliza kama nimfanyie upasuaji Tunu, mbwa wangu wa miaka 12 hapa Ujiji, mwenye saratani ya matiti. Asanteni sana kwa ushauri.

Daktari wa mifugo alinieleza kuwa saratani hii hupenda kusambaa hadi mapafuni, na Tunu ameshaanza kukohoa na kuhema hata akiwa amelala. Kumpandisha treni hadi Morogoro, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ningemtesa bure. Nimeamua abaki nyumbani, apate dawa ya maumivu aliyoandikiwa. (Jamani, msimpe mbwa diklofenaki za binadamu, zinaweza kumuua.)

Jana jioni alikula dagaa kiganjani mwangu, akalamba hadi chumvi ya vidole. Leo kagoma kula. Nimekaa naye mlangoni, kichwa chake kiko gotini kwangu.