Sufuria ya mchuzi kwa jiko la huku, na chakula kinachoishia kumwagwa

Kutoka Kent, Washington

Asalaam aleikum. Shikamooni mama zangu na shangazi zangu. Mimi bado mgeni huku, nimetokea Mombasa, tuko wawili tu na mume wangu kwenye apatimenti yenye jiko la umeme la kioo. Nilikuja na sufuria zangu za aluminiamu, moja kubwa ya pilau na nyingine ya mchuzi. Nikikaanga vitunguu, katikati vinaungua na pembeni bado vibichi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila Jumapili nafungua friji namwaga mchuzi wa nazi uliochacha na wali uliokauka. Kwetu kiporo hakikosi mlaji. Ninunue sufuria gani ya bei ya kawaida, na nifanyeje nisimwage riziki?

Jibu kutoka Tukwila

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu, na karibu sana. Umeuliza maswali mawili, lakini mimi nayaona ni moja. Chakula chako kinaanza kupotea siku unapochagua sufuria. Kwenye friji unaona mwisho wake tu.

Mpishi wa kwetu hapimi kwa kikombe, anapima kwa jicho. Ukiweka kitunguu kimoja kwenye sufuria ya pilau utaona hakuna kitu mle ndani, utaongeza cha pili. Nyanya nazo zitafuata, kisha viazi, kisha kopo la pili la tui ili rojo litoshe. Mombasa hiyo ziada ilikuwa na wenyewe: mtoto wa jirani, shemeji aliyepita, fundi aliyekuja kuziba paa. Huku hakuna anayebisha hodi saa ya chakula. Kwa watu wawili tafuta sufuria ya kwoti 3. Huku wanapima kwa kwoti, utaona herufi "qt" kwenye lebo, na kwoti moja ni pungufu kidogo ya lita. Mkipata watoto, Inshallah, mtahamia kwoti 5.

Umbo nalo liangalie. Chukua iliyo pana kuliko iliyo ndefu. Kwenye sufuria nyembamba ndefu vitunguu hurundikana, vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na mchuzi wa vitunguu vilivyochemka hauna rangi wala harufu hata utie bizari kiasi gani. Mchuzi wa namna hiyo hakuna anayeurudia kesho yake, na ndio unaozeeka kwenye friji.

Sasa kitako. Jiko la kioo halina ndimi za moto za kupanda pembeni. Joto linapita vizuri pale chuma kinapogusa kioo. Sufuria yenye kitako chembamba ikipata moto hupinda, sehemu moja inagusa na nyingine inaelea, ndiyo maana katikati kunaungua. Igeuze ulaze rula juu ya kitako. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, hiyo haifai kwa jiko lako. Karai la kitako cha mviringo ndilo kabisa, liache.

Nunua ya chuma cha pua, hii watu wanayoiita stenlesi, yenye kitako kizito ambacho ndani yake kuna tabaka la aluminiamu lililofungiwa kati ya chuma. Aluminiamu inasambaza joto, chuma ndicho kinachogusa chakula. Inyanyue dukani: uzito uusikie chini. Nenda na sumaku ndogo. Ikinata kwenye kitako, sufuria hiyo itakufaa hata ukihamia nyumba yenye jiko la induksheni, lile linalopasha chuma kwa nguvu ya sumaku. Si lazima iwe mpya. Pita Goodwill, lile duka la mitumba, stenlesi nzito iliyotumika miaka ishirini bado ni nzima, ukiisugua inang'aa.

Wengi wanaikimbia stenlesi wakisema inashika. Ipashe kwanza, tia mafuta, kisha vitunguu, moto wa wastani. Vikianza kuacha ile rangi ya kahawia chini, usiogope na usitie mafuta mengine. Tia maji vijiko viwili na ukwangue kwa mwiko. Itaachia yote mara moja na mchuzi utashika rangi. Rudia kila inaposhika, mpaka nyanya ziingie. Ladha yote iko mle.

Nonstiki, ile yenye utando usioshika chakula, iache kwa mayai. Utando wake huanza kuharibika joto likikaribia nyuzi 500 za Farenhaiti, na sufuria tupu kwenye moto mkali hufika huko upesi, kabla hata hujatia mafuta. Kikaango cha chuma cheusi ni kizuri mno kwa chapati, lakini ukwaju na nyanya vikitokota mle muda mrefu vinakula utando wa mafuta na mchuzi unakuwa na ladha ya chuma.

Nije kwenye hizo za aluminiamu, hapa nisome kwa makini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na karibu theluthi yake vilitoa madini ya risasi kwa kiwango cha hatari. Vyombo vya namna hii huyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, vipuri vya magari na vya elektroniki, na hakuna anayejua kilichoingia mle. Hapa hapa kwetu King County, wilaya yetu hii, wataalamu wa afya walikuta jambo hilo hilo kwenye sufuria za familia za wakimbizi kutoka Afghanistan, na mwaka 2024 jimbo la Washington likatunga sheria kuhusu risasi kwenye vyombo vya kupikia. Kwa jicho huwezi kujua. Ndimu, ukwaju na nyanya, yaani mchuzi wetu wote, ndivyo vinavyoitoa risasi kwenye chuma. Inshallah siku moja utazaa, mwanangu, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Usipikie tena humo.

Kuhusu kutomwaga, siri ni kutenganisha rojo na tui. Jumamosi pika rojo la kutosha: vitunguu, kitunguu thomu, tangawizi, nyanya, bizari, likauke mpaka mafuta yajitenge. Usitie nazi. Usitie viazi, maana vikigandishwa vinakuwa kama sponji. Ligawe kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja, weka friza. Siku ya kazi unatoa kibakuli kimoja, unaongeza samaki, kuku au mayai, na tui la siku hiyo hiyo.

Kopo la tui usilitikise. Liache kwenye friji usiku kucha. Ukilifungua utakuta tui zito juu na jepesi chini. Fanya kama ulivyofanya na nazi ya kukuna: jepesi ndilo la kuivishia, zito linaingia mwisho kwa moto mdogo huku unakoroga, lisije likakatika. Angalia lebo iseme nazi na maji tu, yale yenye vitu vya kulishikanisha tui hayaachani. Likibaki nusu kopo, mimina kwenye trei ya barafu. Likiyeyuka litaonekana limekatika, lakini ndani ya mchuzi linarudi.

Na chakula kilichoiva kisilale juu ya jiko. Kanuni ya USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, ni saa mbili, si zaidi. Kimimine kwenye vyombo vipana vya kina kifupi kipoe upesi, kisha friji. Siku 3 hadi 4 kiliwe, na ukikipasha kiwe kinafuka moshi mpaka ndani, nyuzi 165 za Farenhaiti. Wali uuwahi zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na kupasha tena hakuondoi sumu yake. Mchuzi wa samaki mimi siulazi zaidi ya kesho yake. Mchuzi wa nyama ukibaki kidogo, ukaushe motoni mpaka rojo liishe, uukatekate, tia vitunguu na kotmiri, hiyo ni nyama ya sambusa.

Kutoka SeaTac

Jambo mama, jambo bandugu. Asante kwa maelezo. Sisi ni Wakongomani wa Bukavu, nyumbani tuko wanane, kwoti 5 haitoshi hata watoto. Tunapika sombe, yaani majani ya muhogo, sufuria nzima, ya aluminiamu, tuliyonunua kwa mtu hapa hapa. Sombe inakubali sana friza, hiyo nawahakikishia. Lakini hiyo habari ya risasi imenishtua. Sufuria bado ni nzima, niigawe kwa familia nyingine iliyofika juzi?

Jibu kutoka Tukwila

Jambo baba. Hapana, tafadhali usiigawe, na wala usiipeleke duka la mitumba, itaishia kwenye jiko la mama mwingine. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwezi Agosti 2025 ilitoa onyo kuhusu vyombo kadhaa vya aluminiamu na shaba nyeupe vilivyoagizwa kutoka nje, na agizo lake lilikuwa kuvitupa, wala si kumpa mtu. Kwa watu wanane nenda maduka ya vyombo vya mahoteli, stenlesi ya kwoti 8 au 12 hapo ni nafuu kuliko madukani. Sombe ikiiva igawe kwenye trei kabla ya friji, kwa sababu sufuria nzima ya moto inakaa na joto katikati mpaka usiku wa manane. Na hao watoto walio chini ya miaka sita, waombee kliniki wapimwe kiwango cha risasi kwenye damu. Wanaanza kwa kuchoma kidole tu. Ukikwama kwenye simu na wale wa mapokezi, waambie unataka mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na hulipi.