Fomu ya basari inakataa bila kusema sababu, na ya mtoto huyu inamwandika yule: nani amewafundisha watu kutumia JSF hivi?

Wadau, nina hasira na sitaificha. Nimekabidhiwa mfumo wa maombi ya basari unaotumiwa na watu wa huku Lamu, umeandikwa kwa Java, pamoja na JSF (zana ya kujengea kurasa na fomu za wavuti) na CDI (inayounda vitu vya programu na kupanga viishi muda gani). Aliyeujenga alishalipwa, akaenda zake. Mzazi anajaza ukurasa mzima, anabonyeza Tuma, ukurasa unapepesa kidogo, kisha uko palepale. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kosa kwenye logi, na kwenye hifadhidata hakuna kilichoingia. Akilalamika anaambiwa mtandao wa visiwani ni mbovu.

Mtandao hauna kosa hapa! Ombi limefika kwenye seva na jibu limerudi. JSF huipitisha fomu katika hatua 6: kurejesha ukurasa, kupokea kilichotumwa, kuhakiki, kuingiza thamani kwenye bini (kitu cha Java kinachobeba data ya fomu), kuita metodi, kisha kuchora ukurasa upya. Uhakiki ukikataa katika hatua ya 3, JSF inaruka hadi ya 6. Metodi ya kuhifadhi haiitwi kabisa, kwa hiyo ijaze System.out.println mpaka uchoke, hutaona herufi hata moja. Ujumbe wa kosa umeshatengenezwa, umo ndani ya FacesContext (JSF inamoweka taarifa za ombi linaloendelea), unangoja kuonyeshwa. Na huyu bwana alizifunga h:messages zote (lebo zinazoonyesha ujumbe wa makosa) ndani ya alama za maoni, pembeni akaandika kuwa zinaharibu muonekano. Muonekano! Mzazi anafukuzwa bila kuambiwa kosa lake ili ukurasa upendeze.

Nimezifungua. Nimeweka na PROJECT_STAGE, mpangilio wa hali ya mfumo, kuwa Development kwenye seva ya majaribio, maana hapo JSF hukuonyesha ujumbe hata kama ukurasa hauna mahali pake. Yaliyotoka yamenipandisha hasira zaidi. Namba ya simu lazima ianze na 07, ilhali namba za 01 zimeanza kutolewa Kenya tangu 2019. Namba ya kitambulisho lazima iwe na tarakimu 8 kamili, kwa hiyo babu mwenye kitambulisho cha tarakimu 7, ndiye mlezi wa wajukuu, hana nafasi. Jina haliruhusiwi alama ya ritifaa. Mtu wa Mpeketoni anayeitwa Ng'ang'a afanye nini, abadilishe jina ili mwanawe asome? Na kule kunakohitaji ukali hakuna ukali: jina la mlezi limewekewa @NotNull peke yake, kanuni inayokataa null tu, yaani thamani isiyokuwepo. Kisanduku kitupu hutumwa kama maandishi matupu, hakiwi null, labda uwe umeiagiza JSF ikigeuze, na hakuagiza. Kwa hiyo maombi yasiyo na jina la mlezi yamepita kwa wingi. Ilikuwa ni kuandika @NotBlank tu, inayokataa hata maandishi matupu.

Hayo yanaudhi, lakini yanarekebishika kwa asubuhi moja. Lililonitoa usingizini ni skopu, yaani muda ambao bini inaishi.

Bini ya fomu imewekwa @SessionScoped, yaani iishi kwa sesheni nzima ya mtu kwenye kivinjari kimoja. Sasa fikirieni mama ametoka Faza kwa boti, amekuja saiba (duka la intaneti) mjini Amu kuwajazia watoto wake wawili. Ana haraka, maana akikosa boti ya kurudi atalala mjini. Kijana wa saiba anamfungulia vichupo viwili vya kivinjari, kimoja cha mkubwa, kingine cha mdogo. Kwa seva hiyo ni sesheni moja, na sesheni moja ina bini moja. Kitambulisho cha rekodi hakimo kwenye ukurasa, kinakaa ndani ya bini, na kilichomo ni cha kichupo kilichofunguliwa mwisho. Anarudi kichupo cha kwanza, anatuma maelezo ya mkubwa, nayo yanaandikwa juu ya rekodi ya mdogo. Ukurasa unasema imehifadhiwa. Mama anapanda boti akiamini kazi imekwisha, kumbe mtoto mmoja hana ombi na mwingine ana shule isiyo yake.

Mtu akishaona haya na bado akaniambia @SessionScoped ndiyo rahisi kwa sababu data haipotei, sijui nimjibu nini. Ndiyo, haipotei. Inahamia kwa mtoto wa pili! Sesheni ni ya vitu vya mtu mzima aliyeingia: jina lake, lugha aliyochagua, ruhusa zake. Fomu iliyo wazi kwenye kichupo ni ya kichupo hicho.

Kabla yangu alipita mwingine akajaribu kutengeneza. Katika ukurasa wa shule alibadilisha ikawa @RequestScoped, yaani bini iishi kwa safari moja tu ya kwenda seva na kurudi, akafungua mlango wa kosa jingine. Ukichagua wadi, orodha ya shule inaletwa kwa Ajax, bila kupakia ukurasa upya, unachagua shule, unatuma, uhakiki unakataa ukisema thamani si sahihi. Shule ni ileile uliyoiona kwenye orodha! Sababu yake ni hii: wakati wa kuhakiki, JSF huangalia tena kama ulichochagua kimo kwenye orodha. Kwa @RequestScoped, ombi jipya ni bini mpya, na wadi haijaingia ndani yake bado, maana kuingiza ni hatua ya 4 nasi tuko ya 3. Orodha ni tupu, na chochote utakachochagua kitakataliwa. Na kwa kuwa ujumbe umefungwa kwenye maoni, tunarudi kulekule kwa ukurasa unaopepesa.

Dawa ni @ViewScoped, bini inayoishi muda wote mtu yuko kwenye ukurasa ule, na kila kichupo kina yake. Hapo napo kuna mtego, na nimeukuta katika faili baada ya faili: @Named (inayoipa bini ya CDI jina la kutumiwa na ukurasa) pamoja na ViewScoped ya kifurushi cha javax.faces.bean. CDI haiitambui hiyo. Inaipuuza kimya na bini inakuwa @Dependent, kila mahali ukurasa unapoitaja inaundwa upya. Inayotakiwa ni ya javax.faces.view, iliyokuja na JSF 2.2 mwaka 2013, na klasi yako itekeleze Serializable (iweze kuhifadhiwa na kurejeshwa). Ile ya zamani ilitangazwa kuachwa katika JSF 2.3 mwaka 2017 na ikaondolewa kabisa katika Faces 4.0 mwaka 2022. Jina la anotesheni ni lilelile, kinachotofautiana ni mstari wa import tu (unaotaja inatoka kifurushi kipi), na mstari huo watu wanaachia kihariri kiwachagulie chaguo la kwanza. Someni import zenu, jamani. Kuna watu wanategemea mstari huo kulipa karo.

Nimeshabadilisha skopu, nimelegeza namba za simu na vitambulisho, ujumbe sasa unatoka kwa Kiswahili chini ya kila kisanduku. Kilichobaki, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu, ni rekodi zilizokwisha kuandikwa juu ya nyingine. Jedwali halina historia ya mabadiliko. Hifadhidata ni MySQL 8, binlogi (kumbukumbu ya kila badiliko) imewashwa kwa muundo wa ROW, unaoandika safu zenyewe zilizobadilika, lakini kwa kawaida yake hujifuta baada ya siku 30, na mengine yanakaribia kufutika. Nimeshazinakili zilizopo pembeni. Aliyewahi kutoa thamani za kabla ya UPDATE kwa mysqlbinlog (zana ya kusoma binlogi) na kuzirudisha bila kugusa marekebisho halali yaliyofuata, aniandikie hapa hatua alizopita. Na tafadhali, asije mtu kuniambia wazazi wajaze upya.