Mbwa kwenye mashua ya tanga hadi Kalangala

Habari zenu, mimi na rafiki tunatoka Entebbe na mashua ya tanga mpaka Kalangala, visiwa vya Ssese, nataka kwenda na mbwa wangu, tukifika Lutoboka, gati la huko, nifanyeje naye?

— Kaka tokeni alfajiri, mchana Ziwa Victoria hugeuka ghafla, nimeona tanga likichanika kabla hatujaliteremsha. Mbwa mvalishe jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, akianguka unamvuta nalo.

— Beba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na pale gatini usimwachie kamba jamani, mukene (dagaa) huanikwa chini, wangu alikula wa mama mmoja nikamlipa, mpaka leo inaniuma.

— Asanteni sana, jaketi nanunua kesho.